Zamu ya Kwanza ya Ndiva

Sogeeni, nafasi ipo, na mwenye jibu la haraka alikalie kwanza. Kisa hiki kina watu watatu na zawadi moja, na zawadi yenyewe haikatwi kwa kisu.

Juu kwenye milima ya Upare palikuwa na shule ya sekondari, na humo wanafunzi watatu wa kidato cha tatu. Naelijwa alikuwa na jicho: jambo ambalo wenzake walilipita kila siku, yeye aliliona. Mbonea alikuwa na ulimi: angemwomba bahili chumvi, na bahili akamwongezea pilipili. Nietiwe alikuwa na kalamu. Mdomoni alikuwa mchache wa maneno, lakini ukianza kusoma alichoandika, chai yako inapoa.

Mwalimu wao, Nakiete, hakuwa na kipaji hata kimoja kati ya hivyo, na alilijua hilo. Alichokuwa nacho ni ndiva iliyokufa na hamu ya kuifufua.

Ndiva ni bwawa la mababu. Kijito hulijaza usiku kucha, asubuhi hufunguliwa, maji yakashuka kwa mfereji hadi mashambani. Ya kijiji hiki ilikuwa haishiki maji mwaka wa sita sasa. Kina mama walimwagilia maharage kwa ndoo, na watoto wao waliingia darasani saa nne, miguu imejaa matope. Kwa hiyo shirika moja lilipowaita walimu mjini kuwafundisha kupanga miradi inayoongozwa na vijana na kuitafutia fedha, Nakiete alifika wa kwanza. Alirudi na fomu ya kuombea fedha, yenye maswali matatu. Tatizo liko wapi hasa? Jamii itatoa nini? Nani anaongoza?

Swali la kwanza lilimkwamisha palepale. Kijiji kizima kilisema ukuta ndio unaovuja, na mara tatu ukuta ulikuwa umepigwa saruji, na mara tatu maji yakaondoka vilevile. Nakiete alikwishajaza mifuko ya saruji kwenye fomu. Naelijwa akamwomba angoje mvua moja tu. Ndiva ilipopata maji ya magotini, binti alichota jivu jikoni kwa mama yake, akalinyunyiza juu ya maji, akakaa kulitazama hadi adhuhuri. Jivu halikuelekea ukutani. Lilitambaa taratibu hadi kona ya chini, mahali palipokuwa na mti mkubwa zamani, likazama hapo. Mizizi ilikuwa imeoza na kuacha mashimo sakafuni. Dawa yake ni udongo wa mfinyanzi na kushindilia. Mwalimu alifuta ukurasa mzima, akamshukuru binti hadi binti akaona haya.

Swali la pili lilihitaji msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Lakini kitongoji cha juu na kitongoji cha chini havikuwa vimeshika kazi moja tangu ugomvi wa mfereji. Wa juu waliwaita wa chini wezi, wa chini waliwaita wa juu wachoyo. Mbonea hakuhubiri amani. Alizunguka juu akiazima jembe la kila nyumba kwa kazi ya shule, akayapeleka yote chini. Akaazima na ya chini, akayapandisha juu. Siku ya kuondoa tope la ndiva, hakuna aliyebaki nyumbani. Kila mtu alikuja kulinda jembe lake.

Bibi mmoja alimvuta Mbonea shati. "Mjukuu wangu, yule mama anavyochimba atanivunjia mpini."

"Basi nenda ukamwonyeshe, bibi."

Akaenda kumwonyesha. Wengine nao wakaenda kuonyeshana. Kufikia saa nane watu walikuwa wanataniana, na jioni vitongoji vyote viwili viliweka sahihi kwenye karatasi moja ya kuahidi msaragambo. Nakiete aliikunja karatasi ile kama mtu anayekunja kanga ya arusi.

Swali la tatu ndilo lililomuumiza. Fomu ilirudishwa mara mbili, na barua fupi: huu ni mradi wa mwalimu, vijana wako wapi? Naye alikuwa ameiandika kwa wiki mbili, kwa Kiswahili cha barua za serikalini. Nietiwe aliomba kuisoma.

"Mwalimu, usikasirike."

"Sema tu."

"Umeandika 'vijana watashirikishwa' mara tisa. Anayeshirikishwa hana shughuli, ni mgeni."

Mwalimu akampa kalamu yake mwenyewe. Nietiwe akaandika upya, akianza na jivu, akafuatia na majembe, na kila sentensi ikawa na kijana anayefanya kitu. Mwezi haukuisha, fedha zikaja. Lori likapandisha udongo, watu wakashindilia, ndiva ikajaa hadi ukingoni.

Sasa sikieni desturi ya pale. Anayefufua ndiva hupewa zamu ya kwanza ya maji, kila asubuhi, hadi mvua zijazo. Mtu mmoja, shamba moja. Ukiyagawa maji huko juu, mfereji unayanywa kabla hayajafika. Na zamu isiyo na jina huenda kwa mwenyekiti wa maji, Mzee Mchome. Wakati huo maharage yalikuwa yametoa maua. Ya mama wa Naelijwa, ya mama wa Mbonea, ya mama wa Nietiwe, yote yalikuwa yananyauka. Wiki moja zaidi, maua yangeanguka, na zamu za nyuma zingechelewa.

Mzee Mchome alimshauri mwalimu aichukue zamu hiyo mwenyewe. Watoto ni watoto, alisema, watashukuru kwa soda.

Nakiete alimkatalia. "Mzee wangu, walipochimba hukuwaita watoto."

"Basi nitajie mmoja, mwanangu. Usiponitajia, desturi unaijua."

Akawaita watatu, akitumaini mmoja atawaachia wenzake. Hakuna aliyeachia, na kwa nini aachie? Naelijwa alisema bila jivu wangekuwa wanapiga ukuta saruji hadi leo. Mbonea akamjibu kwamba kujua tundu lilipo hakulizibi. Nietiwe akasema tundu na mikono vilikuwepo, ila udongo ulikuwa bondeni, na haukupanda mlima kwa miguu. Wakabishana hadi wakachoka. Mwisho Nietiwe akamgeukia mwalimu.

"Tumekubaliana mawili tu. Zamu isiende kwa mzee. Na wewe, mwalimu, asante, kwa sababu ulikubali kusahihishwa na sisi."

Nakiete alikuwa na deni la shukrani kwa watu watatu, na mdomo wenye nafasi ya jina moja.

Asubuhi ilipofika, watu wa juu na wa chini walisimama ukingoni. Mama watatu walisimama karibu karibu, kila mmoja na jembe begani, wala hawakutazamana. Mzee Mchome aliinama, akakishika kizibo cha ndiva.

"Jina, mwalimu."

Mmoja aliona, mmoja alikusanya, mmoja aliandika. Mwondoe yeyote, ndiva ni kavu. Ukinyamaza, maji ni ya mzee. Haya, ninyi mliokaa hapa na majibu yenu: je, wewe ungetaja jina la nani, na ungewatazamaje mama wawili waliobaki?