Vyungu Viwili vya Uyoga

Mwenye yakini haapi, huonja. Ndivyo baba yenu alivyomjibu yule kijana aliyeapa mpaka jasho likamtoka kwamba pikipiki anayoiuza haina tatizo la breki, huku akiisukuma kwa mkono kuteremka mlima. Mmecheka, na sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Mmefika penyewe, maana mimi shangazi yenu sikuhadithiwa hadithi hii na mpita njia. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, huku kwetu Uheheni, alikuwako mwali mmoja aitwaye Sikitu, aliyeolewa kijiji cha ng'ambo ya bonde. Alifika kwa mumewe mwaka wa njaa. Mahindi yalikuwa bado machanga, na ghala la mama mkwe wake, Bibi Semgata, lilibaki vumbi tupu. Mvua zilipokolea uyoga ukachipuka msituni, lakini kijiji kile kiliuogopa. Miaka ya nyuma watu wa nyumba moja walikula uyoga jioni na hawakuamka. Tangu hapo ikawa desturi: anayeleta uyoga aape kwa kaburi la babu yake kwamba ni mwema, ndipo upikwe. Eti sumu nayo inaogopa kiapo!

Siku moja Sikitu alirudi na kikapu kimejaa. Mara akaingia Ngimba, mtoto wa kaka yake Bibi Semgata, naye na kikapu chake. Alikuwa na shida ya kuazimwa ng'ombe wa kulimia, kwa hiyo hakutaka kuja mikono mitupu. Huyo Ngimba kuapa kwake kulikuwa kama kupiga chafya.

"Shangazi, naapa kwa kaburi la babu, huu ni mwema," alisema kabla hajaulizwa. "Naapa na kwa la bibi. Ukitaka, naapa hata kwa la jirani."

Bibi Semgata akamgeukia mkwewe. "Na wewe mwanangu, apa."

Sikitu akapiga goti. "Nisamehe, mama. Kwetu uyoga hauapiwi. Aliyeuchuma hutangulia kuula, wengine wakangoja."

"Unakataa kiapo nyumbani kwangu?"

"Sikatai kukuheshimu, mama. Naomba tu nile kwanza."

Majirani waliokuwa uani wakaguna. Mwali aliyekataa kiapo alirudishwa kwao, na Sikitu alilijua hilo vizuri. Hata hivyo hakuwa na shaka. Kila uyoga wake alikuwa ameuchimba na mzizi wake mrefu, ule unaoshuka mpaka ndani ya kichuguu, ndio alama ya uyoga mwema, kama mama yake alivyomfundisha tangu utotoni. Wa Ngimba ulikuwa umekatwa shingoni, mzizi hakuna aliyeuona.

Bibi Semgata alikuwa mkali, lakini hakuwa mjinga. Akaamuru uyoga wa kila mmoja upikwe katika chungu chake. Ulipoiva, Sikitu akajipakulia, akaketi, akala taratibu mpaka akaramba vidole. Ndipo bibi akakisogeza kile chungu cha pili mbele ya Ngimba.

"Nawe kula, mwanangu."

Ngimba akakitazama chungu. Akautazama mlango.

"Ahsante, shangazi. Mimi nimeshiba."

Wanangu, mwaka ule hata panya hawakuwa wameshiba. Uani watu waliangua kicheko, ila Bibi Semgata hakucheka. Alikibeba kile chungu mwenyewe, akakimwaga shimoni na kufukia.

"Kumbe nilikuwa nawapikia wajukuu wangu kiapo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa kweli.

Kesho yake Sikitu aliamka, akachota maji, akafagia uwanja. Bibi akasema wangoje tena. Keshokutwa yake akaamka mzima vilevile, akaingia msituni na jembe lake, akarudi na kikapu kingine. Siku hiyo watoto walikula mpaka wakalala palepale penye mkeka.

Wazee wa kijiji wakamfuata Bibi Semgata. Walitaka kujua imekuwaje mwali amekataa kiapo na bado yumo nyumbani. Bibi hakuwakaribisha ndani. Aliwapakulia uyoga bakuli moja, akachota tonge la kwanza yeye mwenyewe, akatafuna, akameza, kisha akawasogezea.

"Mwenye yakini haapi," aliwaambia, "huonja."