Ngiri Alipokwama Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Aa-aa! Hiyo pakawa ya nani, mbona inatetemeka? Sogeeni kwenye moto. Watoto mbele, watu wazima nyuma, mimi na tumbo langu hili mniachie nafasi ya watu wawili. Haya, tena! Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Nimetembea mimi, jamani. Nimelala pwani, nimelala ziwani, nimelala hata mahali ambapo sikualikwa. Lakini baridi ya milimani! Huko niliwahi kuvaa soksi mikononi, nikampa mkwe wangu mkono hivyohivyo. Basi hadithi hii ni ya hukohuko.

Hapo zamani za kale, wanyama wa milimani walikuwa na desturi moja kubwa: mlango haufungwi. Asubuhi wazi. Mchana wazi. Usiku wazi. Ukifunga mlango, majirani wananong'ona, "Huyo anakula kitu peke yake." Nani anataka kuitwa mchoyo? Hakuna!

Aliyewashinda wote ni Ngiri. Nyumba yake ilichimbwa kilimani, na mlango wake ulikuwa mpana kuliko milango yote. Ubavuni kulikuwa na matundu mawili ya kuchungulia wageni, na juu tundu moja la moshi. Ngiri alijisifu, "Mlango huu haujawahi kufungwa tangu babu yangu alipouchimba!"

Basi mwaka mmoja baridi ikaja. Si baridi ya kutafuta sweta. Baridi ya kugandisha umande! Nyasi zikawa nyeupe, ukizikanyaga, kra! kra! kra!

Bi Pimbi alikuwa amejifungua juzi tu, mtoto mmoja, mdogo kama ngumi. Akambeba, akakimbilia kwa Ngiri. Jirani yake Nungunungu akafuata, miiba inalia chaka-chaka kwa kutetemeka.

"Karibuni, karibuni!" Ngiri akasema. "Nyumba ni yenu, moto ni wenu!"

Na kweli, moto ulikuwapo. Lakini upepo ukaingia mlangoni, vuuu! Ukazunguka nyumba, ukachota joto, ukatoka nalo matunduni, fyuuu!

"Mjomba, baridi," akasema Bi Pimbi.

"Ongeza kuni!"

Wakaongeza. Moto ukawaka, waa! Upepo ukaingia, vuuu! Joto likatoka, fyuuu!

"Mjomba, bado baridi."

"Ongeza kuni!"

Wakaongeza tena. Waa! Vuuu! Fyuuu! Na unajua nani alifaidi? Panzi! Walijipanga nje ya yale matundu, wanaota joto, wananyoosha miguu, wanasema, "Mungu ambariki Mzee Ngiri."

Nungunungu akakohoa kidogo. "Mjomba, samahani. Tukiziba mlango kidogo tu?"

Ngiri akaruka kama kakanyaga kaa la moto. "Nizibe mlango? Mimi? Kesho Fisi apite atangaze kwamba Ngiri anaficha viazi? Thubutu! Ongeza kuni!"

"Kuni zimekwisha, Mjomba."

Moto ukapungua. Makaa yakabaki machache, mekundu, kama macho ya mtu mwenye usingizi. Bi Pimbi akamsogeza mwanawe kifuani. Tangu waingie, mtoto alikuwa akipiga chafya: chwi! chwi! Mama akawa anafurahi, maana mwenye kupiga chafya ana nguvu. Sasa chafya imenyamaza.

"Mjomba," akasema, huku akiisugua miguu ya mwanawe. "Mtoto hapigi chafya tena. Miguu yake imekuwa baridi."

Jamani, Ngiri alikuwa na majivuno, lakini moyo alikuwa nao. Akatoka mbio kwenye baridi, pu! pu! pu! Hapo karibu hakuna kuni, majirani wamekwisha kuziokota zote. Akaenda mbali. Akapata gogo moja, limelala na matawi yake na majani yake. Akalisukuma. Haliendi. Akalisukuma tena. Haliendi! Akalishika kwa pembe zake za mdomoni, akalivuta huku anarudi nyuma. Kinyumenyume, kinyumenyume. Hee-ya! Kinyumenyume. Hee-ya!

Akafika nyumbani. Makalio yakatangulia ndani. Sasa anavuta gogo liingie, hee-ya! Tawi moja likakwama kulia. Tawi moja likakwama kushoto. Ngiri katikati, pembe zimenaswa matawini. Kwa! Hasogei mbele, hasogei nyuma. Mlango mpana kuliko yote umejaa Ngiri na majani.

"Nimekwama! Nisukumeni!"

Bi Pimbi akasimama amsukume. Akasita. Akainua pua.

"Nungu, unasikia upepo?"

"Sisikii."

"Hata mimi! Mjomba, usitikisike!"

"Nisitikisike? Masikio yananiganda huku!"

"Na huku nyuma je, Mjomba?"

Ngiri akafikiri. "Huku nyuma... kusema kweli... panapendeza."

Lo! Nungunungu alishaelewa. Akachota udongo wa sakafuni, akauchanganya na nyasi za kulalia, pa! tundu la kwanza. Pa! tundu la pili. Nje panzi wakalalamika, "He! Nani kazima moto?" Nungunungu akatazama juu. "Hili la moshi tuliache, tusije tukakaukia humu kama samaki." Kisha akachochea yale makaa machache.

Wakasubiri. Joto likapanda taratibu. Likapanda, halikutoka. Likakaa! Bi Pimbi akainamisha sikio kwa mwanawe.

"Chwi!"

"Nungu! Umesikia?"

"Chwi! Chwi! Chwi!"

Bi Pimbi akacheza, Nungunungu akacheza, miiba chaka-chaka! Ngiri mlangoni akalia, "Nini? Nini? Niambieni na mimi!"

"Mtoto anapiga chafya, Mjomba!"

"Basi niacheni hapahapa!" akapiga kelele Ngiri, machozi yanamtoka, mengine yanaganda. "Sitoki! Mimi ndiye mlango!"

Lakini hawakumwacha. Nungunungu alisuka mlango wa nyasi upesi upesi, wakavunja yale matawi mawili, wakamvuta ndani na gogo lake, wakaurudishia. Ngiri akajikuna. "Sasa wageni watajuaje kwamba sisi si wachoyo?"

"Wapige hodi," akasema Bi Pimbi, "sisi tuitike karibu."

Kulipokucha, Fisi huyo. Akaona mlango umefungwa. Akafungua kinywa acheke, meno yakagongana. "Ho... ho... hodi!"

"Karibu!" wakaitika wote. "Ingia haraka, urudishe mlango!"

Akaingia. Akaurudisha. Hakutangaza habari ya viazi. Na lile gogo moja, likikatwa kidogo kidogo, liliwatosha mpaka jua liliporudi. Ndiyo maana hadi leo Ngiri huingia shimoni kinyumenyume: anataka makalio yaonje joto kwanza.

Basi wakubwa kwa wadogo, kabla hujaongeza kuni, tazama joto lako linatorokea wapi. Ziba tundu, funga mlango, uache njia ya moshi, na moto mdogo utakutosha. Na mgeni haumizwi na mlango uliofungwa, anaumizwa na nyumba isiyoitika hodi.

Hadithi yangu imeishia hapo, na pumzi yangu pia. Wewe unayetoka, ndiyo, wewe: rudisha mlango!