Ghala la Moshi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana huko mbele kipo cha kutosha.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wafua chuma, kimezama bondeni, vilima pande zote. Tanuri hapa, tanuri pale. Mivukuto fuu-fuu, fuu-fuu, kutwa. Msimu wa baridi upepo ulikuwa hauingii na moshi hautoki.

Wazee wakaweka desturi. Kila mwenye tanuri aligawiwa vijiti vyeusi, kila kijiti moto mmoja. Aliyetaka kuwasha zaidi alinunua vijiti vya jirani asiyevitumia. Na kila mwenye tanuri alipotoa kijiti ili awashe, alimimina mtama kwenye ghala la moshi. Desturi nzuri. Ila watu walijidanganya: ukishamimina mtama wako, walidhani, moshi wako haumdhuru mtu tena.

Mlinzi wa ghala aliitwa Nyamizi. Alikuwa na mtoto mmoja, Kija. Kifua cha Kija kililia hiii, hiii, na kila Nyamizi aliposikia mlio ule, aliacha kazi akamkimbilia.

Siku moja Mtemi, mtawala wa kijiji, akaja.

"Fungua ghala, Nyamizi. Nataka mtama wa pombe ya kuzindulia nyumba yangu ya ngoma. Mtama mwingine warudishiwe wafua chuma, si ndio walioutoa?"

Bibi Kalunde, mkongwe wa kijiji, alikuwa kando akichambua kunde. Akasema, "Mtemi, mtama huo uliwekwa ili tanuri zihamie juu kilimani, kwenye upepo. Wajenzi watakula nini?"

"Mwakani, bibi."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

Nyamizi alimwogopa Mtemi. Akafungua. Siku ile vikapu vilitoka hadi ghala likabaki nusu. Wafua chuma wakachukua vyao, wakanunulia vijiti zaidi, wakawasha hata tanuri zilizolala.

Asubuhi moshi ukashuka. Ukashuka, ukashuka, ukakaa. Jua halikuonekana. Watu waliitana bila kuonana. Kija akakohoa, akakohoa, kisha kimya. Midomo yake ikawa rangi ya majivu. Kwa hofu Nyamizi akashindwa kumnyanyua.

Bibi Kalunde akambeba mgongoni. "Nifuate, mwanangu."

Wakapanda. Bibi akihema, puh, puh, akimeza moshi kila pumzi, na hakusimama. Kule juu upepo ulivuma. Kija akavuta hewa, akalia. Nyamizi naye akalia, akageuka kutazama kijiji. Hakukuwa na kijiji. Palikuwa na moshi tu, na watu ndani yake.

Akamwacha mtoto kwa bibi, akashuka peke yake hadi ghalani. Watu wa Mtemi walikuwa wamekuja na vikapu kuchukua mtama uliobaki, Mtemi mwenyewe mbele yao. Nyamizi akasimama mlangoni.

"Sifungui, Mtemi."

"Nani kakutuma?"

"Kifua cha mwanangu. Ukitaka kuniua niue, lakini kwanza panda kilimani ukakitazame kijiji chako."

Mtemi akapanda kwa hasira, watu wake nyuma. Juu akatafuta paa la nyumba yake. Hakuliona. Akakumbuka mama yake na wanawe wamo mle chini, na hofu ikamshika hata fimbo ikamponyoka.

"Toeni mtama," akasema kwa sauti ndogo. "Wajenzi wale."

Wakala, wakajenga. Gogo-gogo, mawe yakapanda. Tanuri zikahama, moshi ukachukuliwa na upepo, kifua cha Kija kikatulia. Lakini Bibi Kalunde hakushuka tena. Moshi alioumeza njiani ulimkalia kifuani, naye alikufa kule kule juu, siku ile ile tanuri zilipowashwa. Chuma cha kwanza kilichotoka kilimani kilifuliwa jembe, na kwa jembe hilo Nyamizi alimchimbia kaburi.

Basi jueni, wanangu: mali iliyotozwa kwa ajili ya moshi ikauondoe moshi. Mkiichelewesha, yuko mtu atakayelipa kwa pumzi zake.

Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye kaburi lile kilimani.