Sokwe Aliyefungwa kwenye Jiwe la Kisima

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika uji na kusutana vibarazani kama sisi, palikuwa na mji uitwao Majabalini. Mji mzima ulikuwa na kisima kimoja, na kisima kilikuwa na mwenyewe.

Msidhani alikichimba. Yule hakuwahi kuchimba hata shimo la kupandia mbegu! Mwenyewe alikuwa Sokwe, na alikipata kisima kwa njia moja tu. Alibeba jiwe kubwa lenye vishikio viwili vya chuma, akalibwaga juu ya mdomo wa kisima. Tii!

"Atakayeliinua, anywe," akasema.

Nani aliinue? Tembo walikuwa wamehamia mabondeni tangu kiangazi kianze. Waliobaki walisukuma, wakavuta, wakajamba, jiwe likabaki palepale. Basi ikawa kila asubuhi kila nyumba inapeleka kichane cha ndizi kwa Sokwe, ndipo alinyanyue jiwe watu wateke.

Na huyo Sokwe, wanangu, kazi yake nyingine ilikuwa nini? Kunyanyua mawe! Alinyanyua asubuhi, akanyanyua mchana, akanyanyua jioni. Akimaliza alibusu mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto, usije ukaona wivu. Rafiki yake Nyani naye alinyanyua pembeni yake, huku akimsifu.

"Dume! Ongeza, dume! Hee, hiyo misuli au magunia?"

Hapo ndipo akili zao zilipoishia.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja wanyama walifika na madumu yao, Sokwe akasimama mbele ya kisima, kakunja mikono kifuani.

"Leo hakuna maji. Jana Kanga hakuniamkia vizuri."

Kanga, mjane mwenye vifaranga sita, akaruka juu. "Mimi? Nilikuamkia, bwana! Nilisema shikamoo mara mbili!"

"Ya pili ilikuwa ndogo," akasema Sokwe, akaenda zake.

Kesho yake tena, hakuna maji. "Leo upepo umenikera." Siku ya tatu akaliinua jiwe kidogo, likamponyoka, tii! likaziba tena kabla hata ndoo moja haijajaa. Akadai amefanya makusudi. Jioni ile kifaranga kimoja cha Kanga kilikuwa kimelala mdomo wazi, hakilii tena.

Mama Nguchiro alikuwa jirani wa Kanga. Mnamjua nguchiro? Mdogo, mwembamba, mwepesi, macho hayatulii. Alikamua tikiti la mwisho lililokuwa jikoni kwake, akakidondoshea kile kifaranga maji ya tikiti mpaka kikafumbua macho. Kisha akajifunga kitenge kiunoni.

"Nakwenda kwa Sokwe," akasema. "Lile jitu lina jambo."

Alipofika nyumbani kwa Sokwe, kabla hajapiga hodi, akasikia ndani, pwaa! Akachungulia dirishani. Uji ulikuwa ukichuruzika ukutani.

"Mume wangu, hicho ni kikombe cha tatu," akasema mke wa Sokwe.

"Kimeteleza!"

"Na shati je, linateleza? Tangu juzi vifungo nakufunga mimi kama mtoto."

"Nyamaza! Niletee kingine."

Nyani alikuwa ameketi mkekani, anakula ndizi za watu. Sokwe akamgeukia, akanong'ona, lakini mnong'ono wa Sokwe unasikika hadi njiani.

"Ndugu yangu, hivi vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi. Mkono wa kulia, na wa kushoto pia. Nachomwachomwa kama sindano. Nikishika jiwe, sijui kama nimeshika au sijashika."

"Ganzi?" Nyani akacheka. "Hiyo ni nguvu! Nguvu zikijaa mkononi, hisia zinakosa pa kukaa. Ongeza jiwe!"

"Kweli?"

"Mimi vyangu vimejaa nguvu tangu mwaka jana. Tazama!" Nyani akajiuma kidole. "Sisikii kitu!"

"Wallahi wewe una elimu," akasema Sokwe.

Kule nje Nguchiro alijiziba mdomo, lakini kicheko hakikutoka. Alikumbuka kile kifaranga. Kumbe ndiyo hivyo! Mji mzima unakauka koo kwa sababu dume zima linaona haya kusema, "Mikono yangu inaumwa."

Akapiga hodi.

"Shikamoo, mzee Sokwe."

"Marahaba. Unataka nini, kidudu wewe?"

"Nimekuja kwa wema, mzee wangu. Ukinyanyua mno na kukandamiza viganja, vidole hufa ganzi. Yaache mawe mwezi mmoja, miwili. Jiwe la kisima tuite tembo waliondoe. Hakuna atakayekucheka."

Sokwe akasimama, kichwa kikagonga boriti, ko! "Nani kasema naumwa? Mimi? Tazama mikono hii! Toka, nisije nikakukanyaga!"

Haya, si aliambiwa ukweli? Aliambiwa, kwa heshima, na shikamoo juu! Akaukataa. Basi Nguchiro akabadili sauti, akaifanya tamu kama maji ya muwa.

"Nisamehe, mzee. Macho yangu madogo yameona vibaya. Ila nasikia mjini wanasema kesho ukishindwa, watakuita Sokwe Debe Tupu."

"Nani anasema?"

"Wengi. Ndiyo maana nimekuletea siri ya madume wa zamani. Walikuwa wanafunga viganja vyao kwenye vishikio kwa kamba ya katani. Mtu akifungwa hivyo, jiwe haliponyoki hata awe amelala."

Sokwe akamtazama Nyani. Nyani, ambaye hakujua lolote, akatikisa kichwa kwa uzito. "Ni kweli. Niliwahi kusikia."

"Na fundo likinikaza?" akauliza Sokwe.

"Fundo langu hata kifaranga anafungua. Vidole viwili tu, unavuta uzi, basi. Wewe si una kumi?"

"Kumi vyenye nguvu!" akadakia Nyani.

Asubuhi mji wote ulijaa kisimani. Sokwe alikuja amejipaka mafuta, anang'aa kama sufuria jipya. Nguchiro akamfunga kamba, kiganja cha kulia kwenye kishikio cha kulia, cha kushoto kwenye cha kushoto, kila fundo akaliweka upande wa chini.

"Mnatazama?" Sokwe akanguruma. "Mtaniita Debe Tupu tena? Hiii... haaa... hup!"

Jiwe likanyanyuka! Akalisogeza pembeni, akalituliza chini. Puu! Kisima wazi.

"Dume!" akapiga kelele Nyani.

"Leteni ndizi," akasema Sokwe, akataka kusimama wima.

Hakusimama. Alikuwa ameinama juu ya jiwe, viganja chini, makalio juu, yameelekea mji mzima.

Akapapasa fundo kwa vidole vyake. Akapapasa tena. Vidole vilitembea juu ya kamba kama vya mtu aliyelala. Akainamisha mdomo ang'ate, meno hayakufika.

"Hebu... hebu ngoja. Fundo liko wapi?"

"Unaligusa, mzee," akasema Nguchiro. "Hilo hapo, chini ya kidole chako cha mwisho."

"Siligusi!"

"Unaligusa. Husikii tu."

Nyuma huko mtu akacheka, kwi! Akafuata mwingine, kwi kwi! Mji mzima ukaangua kicheko, ha ha haaa! Kobe alicheka mpaka kichwa kikaingia ndani ya gamba.

"Nyani!" akalia Sokwe. "Nifungue!"

Nyani akaja kwa madaha. Akashika fundo, akavuta hewa tupu. Akashika tena, akavuta mkia wake mwenyewe. Jasho likamtoka. Akachomoa kisu kiunoni akate kamba. Kisu kikamtoka mkononi, kikaruka, chubwi! ndani ya kisima.

"Nguvu zimejaa," akasema Nyani kwa sauti ndogo.

"Nguvu zimejaa wapi, bwege wewe!" akafoka Sokwe. "Mwaka mzima unaniambia niongeze jiwe, kumbe hata kamba huwezi kushika!"

Walipokuwa wakirushiana maneno, wanyama hawakungoja. Ndoo zilishuka na kupanda. Kanga akawanywesha vifaranga wake wote sita, hapohapo, mbele ya macho ya Sokwe.

Jua likapanda. Mgongo wa Sokwe ukaanza kutetemeka. Kamba ikazidi kumbana, na ganzi ikapanda mpaka kwenye viwiko. Sasa aliogopa kweli, machozi yakamlengalenga.

"Mama Nguchiro," akasema, na ndiyo mara ya kwanza kumwita mama. "Nifungue. Sivisikii vidole vyangu hata kimoja."

"Sema mbele ya watu kwa nini ulitunyima maji."

"Ni... ni upepo."

"Haya, kwaheri. Nina watoto wa kuogesha. Maji leo yapo."

"Ngoja! Mikono inaumwa! Nilishindwa kuliinua jiwe, nikaona haya! Haya, nimesema!"

"Na kisima ni cha nani?"

"Cha wote."

"Debe tupu wewe, ungesema hivyo juzi ungekuwa umelala mkekani mikono inapona. Sasa nyanyua jiwe lako, ulipeleke kwenye korongo. Nitakufungulia huko."

Sokwe akalinyanyua kwa mgongo na miguu, akiyumba, hatua moja, pumzi tatu, na mji mzima nyuma yake. Kwenye ukingo wa korongo Nguchiro akamrukia begani, akatelemka mkononi, akavuta uzi kwa vidole viwili. Nyuu! Akahamia wa pili. Nyuu!

Jiwe likaporomoka, gudu gudu gudu, mpaka chini kabisa, ambako hakuna wa kulitoa.

Sokwe akakaa chini, akaitazama mikono yake mikubwa iliyolegea mapajani. "Itapona?" akauliza.

"Ukiiacha ipumzike. Hata kokoto usiinue mpaka mvua zinyeshe. Na ukitaka maji, njoo na kibuyu, upange foleni nyuma ya Kanga."

Na funzo lake ni hili, wanangu: ukiumwa sema unaumwa, maana anayeficha maumivu yake ili aendelee kuwatisha wenzake atakuja kuchekwa na walewale aliowatisha.