Hodi ya Shekue

Mpo? Semeni tupo! Basi sikieni.

Alikuwapo kijana, Shekue, mtoto pekee wa mama asiyeona. Akafunga safari kwenda kuishi nchi ya mbali.

Mpakani akamkuta zimwi amekaa katikati ya njia.

"Niachie sauti yako, nikupe nyingine, upite."

Shekue akaona si kitu. Akampa, akapita.

Ugenini akakaa miaka. Kazi alipata, nyumba alipata, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyembishia hodi. Upweke ulipomzidi, akarudi kwao.

Akafika jioni, uani kunanukia samaki wa nazi. Akavua viatu mlangoni.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi, mama! Ni mimi, Shekue!"

Mama akajibu kutoka ndani, "Umepotea nyumba, baba. Shekue wangu alirudi siku ileile aliyoondoka. Huyu hapa, anakula."

Na sauti ya Shekue ikasema humo ndani, "Mama, niongeze wali."

Nanyi mwajua desturi yetu: hodi ya tatu ikikosa karibu, mtu huenda zake.

Shekue akavaa viatu vyake.