Ndugu wa Akhera wa Mir Khurto

Tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo, maana hukumu mtaitoa nyinyi.

Mir Khurto alikuwa mir, yaani kiongozi, wa Wayazidi, watu wenye dini yao ya kale, kama baba yake na babu yake. Huko ugenini alikokimbilia kwa sababu ya vita, afisa alimuuliza kazi yake.

"Mir," akajibu. "Nimeirithi."

Afisa akaandika: Hana kazi. Mzee alicheka hadi akakohoa.

Kilichomtia simanzi ni kingine. Kila Myazidi huwa na ndugu wa akhera, mmoja tu, wa kumshika mkono siku ya kufa na kumtetea huko aendako. Wa Mir alikuwa amefariki. Alitaka kumchagua mwingine Lalish, bonde lao takatifu huko kwao, na moyo wake, kwa ugonjwa, ulishaanza kusuasua.

Watatu walimsindikiza. Khudeda alikuwa na subira ya kuzichosha ofisi. Elyas, mwimbaji wa nyimbo za dini, alikuwa na sauti. Goze, mwokaji mikate aliyezoea magunia ya unga, alikuwa na mgongo.

Mpakani walizuiwa: mtu asiye na kazi anakwenda kufanya nini? Khudeda akaeleza dirishani, akatumwa dirisha la pili, akaeleza, akarudishwa la kwanza, akaeleza upya kwa tabasamu lile lile, mpaka afisa akachoka, akagonga muhuri. Bila yeye, Mir angefia mpakani.

Milimani moyo ukagoma. Mir akameza dawa, akafumba macho kama anayeaga. Elyas akaanzisha wimbo.

"Mir wangu, kufa katikati ya wimbo ni utovu wa adabu."

Mzee, mtu wa adabu, akasubiri ubeti wa mwisho. Elyas hakuufikia mpaka dawa ilipofanya kazi. Bila yeye, Mir angefia njiani.

Lalish hakuna anayeingia na viatu, na theluji ilikuwa imetanda. Gari likakomea nje. Goze akavua viatu, akambeba Mir mgongoni, akapanda peku kuelekea hekaluni.

"Gunia la unga ni zito kuliko wewe, baba," akahema.

"Lakini gunia halishukuru."

"Wala halinielekezi pa kukanyaga!"

Bila yeye, Mir angeishia kuiona Lalish kwa mbali.

Akakalishwa hekaluni. Moyo ukaanza tena kusuasua. Khudeda akainamisha kichwa. Elyas naye akainama. Goze, akisugua miguu iliyokufa ganzi, ndiye aliyethubutu:

"Ni nani basi, baba?"

Mir akawatazama mmoja mmoja, akawapenda wote, akanyoosha mkono. Mkono mmoja, watu watatu, na desturi haina nyongeza.

Haya, msikilizaji: mkono ule ungekuwa wako, ungemshika nani?