Mlezi wa Neno Moja

Sogeeni, na ninyi mliojibanza nyuma sogeeni, maana kesi hii imenishinda kuiamua peke yangu.

Korogwe walikuwapo watu watatu. Mwantumu, mfua nguo, alikuwa na macho ya kusoma kila kilichoandikwa, hata kitambaa kidogo kinachoshonwa ndani ya kola ya shati. Mzee Mbelwa, aliyewahi kutunza maktaba ya misheni, alikuwa na subira ya kufukua vitabu ambavyo hata mende walishavichoka. Na Mwalimu Shemdoe alikuwa na mkono: jambo livurugike vipi, akilishikia kalamu linanyooka. Mdomo pia alikuwa nao, tena mkubwa, na ndio uliomponza.

Walimu wa wilaya walikuwa wakitunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili. Kila neno lilipewa ukurasa wake, na chini ya ukurasa jina moja tu, la mlezi wa neno. Majina mawili marufuku. Walishagombana kwenye neno la kwanza kabisa, wakakata shauri hivyo. Mwalimu Shemdoe alikuwa anastaafu mwaka ule, na kwa miaka thelathini na mmoja ya kufundisha jina lake halikuwahi kuchapwa popote. Akaomba kitenzi chepesi, "run".

"Hicho si ni kukimbia tu?" aliwacheka wenzake. "Nipeni dakika tano."

Akaandika "kukimbia", akatia jina lake kwa wino, akaenda zake kwa Mwantumu kuchukua shati.

"Shikamoo, Mwalimu. Hili nimelifua peke yake," Mwantumu alisema. "Wameandika humu ndani kwamba rangi yake ina-run. Yaani inachuja."

Mwalimu akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamkauka. Mwantumu alikuwa ametoa daftari lililochakaa. Kutoka boksi la dawa ya mafua alinakili pua inayotoka kamasi. Kutoka gazetini, mtu anayegombea ubunge. Kutoka kibao cha dukani, mama anayeendesha biashara. Yote yalikuwa neno lile lile, miaka ishirini na miwili ya kuokoteza.

"Ulikuwa unayakusanya ya nini, mwanangu?"

"Tangu siku ile ya bomba, Mwalimu."

Hapo akakumbuka. Darasa la sita, aliandika ubaoni, "The tap is running." Mwantumu akaandika tafsiri daftarini, "Maji yanatoka bombani." Mwalimu akamwekea alama ya kosa kwa wino mwekundu, akamsimamisha mbele, akawaambia darasa zima waitikie kwa sauti, "Bomba linakimbia!" Wakacheka, naye akacheka nao.

"Sikufungua tena mdomo kwa Kiingereza mbele za watu," Mwantumu alisema. "Lakini nilitaka kujua nilikosea wapi."

Mwalimu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Shati alilisahau pale pale.

Alichukua daftari kwa ruhusa, lakini maana zile zilikataa kupangika. Pua na ubunge zinakutana wapi? Akamwendea Mzee Mbelwa, akamweleza na habari ya bomba. Mzee alikuwa na jicho moja tu lenye nuru, na daktari alishamwonya alipumzishe. Akasoma nalo wiki tatu, kioo cha kukuzia mkononi, mpaka akapata.

"Mwalimu, Waingereza wa kale, miaka zaidi ya elfu iliyopita, neno hili walilitumia kwa mtu anayekimbia na kwa maji yanayotiririka vilevile," alisema. "Yule mtoto alikuwa sahihi kabla wewe hujazaliwa."

Tangu wiki ile jicho la mzee likaingia ukungu.

Mwalimu akakaa na kalamu. Alichana karatasi kumi na moja. Akaanzia kwenye maji, yakamfikisha kwenye pua, kwenye rangi, kwenye injini, kwenye duka, mpaka kwenye ubunge, kila maana na mfano wake. Mfano wa kwanza akaandika, "Maji yanatoka bombani."

Siku ya kikao aliwaita wote wawili. Akasimama mbele, akasimulia habari ya bomba bila kujitetea. Walimu walikubaliana kwamba hakuna ukurasa mzuri kuliko ule.

"Basi jina ni la nani?" katibu akauliza. "Naona hapa lipo lako."

Mwalimu akalikata jina lake, kisha akamtazama Mwantumu.

"Mwalimu, kama unaniandika kwa sababu ya ile aibu, usiniandike," Mwantumu alisema. "Huruma siitaki. Kama ni kwa kazi yangu, andika."

"Mimi ukurasa wenyewe sitauona," Mzee Mbelwa akasema taratibu. "Ila wajukuu zangu wataniambia chini yake limeandikwa jina la nani."

Katibu akamnong'oneza Mwalimu kwamba maana bila mtu wa kuzipanga ni lundo tu, na kwamba kukiri kosa si sababu ya kupoteza haki. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Mwalimu, na macho yote yalikuwa kwake, kama yalivyokuwa kwa Mwantumu siku ile mbele ya darasa.

Nami nimewaachia hapo. Kalamu ishikeni ninyi: chini ya ukurasa ule, wewe ungeandika jina la nani? Na ungewatazamaje wale wawili waliobaki?